Ukishusha magurudumu, pua inakwenda wapi? X-Plane, Microsoft Flight Simulator na FlightGear bega kwa bega

Mpwa wangu yuko Mwanza, na ana laptopu moja ambayo mchana inafanya kazi za chuo na usiku inarusha ndege. Juzi alinipigia saa nne usiku.

“Shikamoo mjomba. Wewe si ulisema ukishusha magurudumu pua inashuka? Mbona yangu inapanda?”

“Marahaba. Otopailoti umeizima?”

Kimya. Nikasikia kitufe kinabonyezwa. “Aa. Kumbe.”

Otopailoti yake, mtambo unaoirusha ndege wenyewe, ilikuwa imeambiwa ishike kimo. Magurudumu yakatoka, spidi ikapungua, na ndege inayokwenda polepole lazima iinue pua ili mabawa yaendelee kubeba uzito uleule. Kwa hiyo aliyoona yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa jibu la swali alilouliza. Simcheki. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa wiki nzima nikihariri faili la ndege isiyokuwa na kosa lolote, kwa sababu hiyohiyo.

Swali lake la pili ndilo lililonifanya niandike haya: anataka kujifunza ndege zinazokunja magurudumu, hela yake ni ya simuleta moja (programu ya kurushia ndege kwenye kompyuta), na bando halimtoshi kujaribu zote. Achukue ipi?

(Neno moja kabla hatujaenda mbali. Marubani wengi wanasema “gia” wakimaanisha magurudumu. Hapa nitasema magurudumu, maana ukimwambia mtu wa kwetu “shusha gia” anafikiria mteremko wa Kitonga na lori lililojaa.)

Sababu tatu zinazochanganywa

Pua ikishuka baada ya magurudumu kutoka, watu husema “ndiyo ukinzani wa hewa huo” na kuishia hapo. Kuna mambo matatu tofauti ndani yake, na simuleta hizi zinatofautiana kwa sababu kila moja inayashughulikia kwa njia yake.

Tuchukue ndege ya kubuni ili tuwe na namba za kushika. Ina uzito wa kilo 1,500, inaruka noti 110, yaani maili 110 za baharini kwa saa, usawa wa bahari, na imetrimiwa (imesawazishwa ishike mwendo wake bila kuguswa) vizuri kiasi kwamba mikono unaweza kuiweka mapajani. Magurudumu yake yakitoka yanaongeza ukinzani wa niutoni 490 hivi. Namba hiyo ni ya kawaida kwa ndege ndogo ya ukubwa huo.

Jambo la kwanza ni mahali ukinzani unaposhika. Magurudumu yananing'inia chini ya kitovu cha uzito, tuseme sentimita 90 chini. Hewa inayavuta nyuma, sehemu ya chini inabaki nyuma, ya juu inatangulia, pua inainama. Niutoni 490 mara mita 0.9 ni momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, ya niutoni-mita 441. Kuifuta, mkia ulioko mita 4.5 nyuma lazima usukumwe chini kwa niutoni 98 zaidi. Ni sawa na kutundika mfuko wa mchele wa kilo 10 mkiani.

La pili ni uzito unaohama. Miguu mikubwa ya ndege hii, pamoja na tairi na breki zake, tuseme ni kilo 80, na ikitoka inasogea nusu mita mbele au nyuma. Kitovu cha uzito cha ndege nzima kinahama sentimita 2.7. Kinasikika kidogo, lakini momenti yake ni 392, karibu sawa na ile ya ukinzani. Hapa ndipo ndege zinapoachana. Miguu ikitoka kuelekea mbele, momenti mbili zinajumlishana na pua inazama kweli. Ikitoka kuelekea nyuma, zinakaribia kufutana na rubani hasikii kitu. King Air inakunja miguu mikubwa kuelekea mbele na mguu wa pua kuelekea nyuma, kwa hiyo wakati wa kushusha kila kimoja kinakwenda upande wake. Dash 8, hizo unazoziona Air Tanzania wakizirusha, ni kinyume kabisa: miguu mikubwa inalala nyuma ndani ya vibebeo vya injini, wa pua unalala mbele. Anayekwambia “ndege zote pua inashuka” muulize ndege gani.

La tatu halina momenti yoyote, nalo ndilo linalowadanganya wengi. Ndege iliyotrimiwa haishiki kimo, wala haishiki pembe ya pua. Inashika spidi. Ukiiongezea ukinzani na usiguse nguvu ya injini, inainama yenyewe ili iirudie spidi yake ya noti 110, sasa ikiwa inashuka. Kwa ndege yetu, niutoni 490 zikigawanywa kwa uzito wa niutoni 14,715 zinatoa nyuzi 1.9. Yaani pua itaishia nyuzi karibu 2 chini ya ilipokuwa, na ndege itashuka futi 370 hivi kwa dakika, hata kama aliyetengeneza faili hakuandika momenti ya magurudumu kabisa. Sifuri. Pua inashuka vilevile.

Linganisha na momenti ya 441. Kwa ndege yenye uthabiti wa wastani, yenyewe inainamisha pua nusu ya nyuzi tu mwanzoni. Kwa hiyo mtu anayetazama pua peke yake na kutoa hukumu kuwa simuleta fulani “ina fizikia nzuri ya magurudumu” huenda amepima kitu ambacho simuleta zote zinakipata bila jasho.

Acha pua, tazama spidi

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Panda futi 6,000, bila upepo, otopailoti imezimwa, trimu mpaka ndege itulie noti 110 kwa dakika nzima bila kuguswa. Hakikisha 110 iko chini ya kikomo cha spidi ya kushushia magurudumu cha ndege hiyo. Shusha. Usiguse jostiki, usiguse nguvu ya injini.

Pua itainama, spidi itapungua kwanza, kisha itapanda kupita ilipokuwa, kisha itapungua tena. Huo mwendo wa mawimbi unaitwa fugoidi, na kwa spidi hii wimbi moja linachukua sekunde 25 hivi. Jina alilitunga Mwingereza Frederick Lanchester, mwanzoni mwa karne ya 20, akitaka neno la Kigiriki la kuruka. Akachukua lile la kukimbia adui. Kwa Kiingereza kuruka na kutoroka vinaweza kuitwa neno moja, ndiyo maana akajikwaa; sisi kosa hilo lisingetupata.

Subiri mawimbi yafe, dakika mbili au tatu. Sasa soma spidi. Imerudi 110? Basi ndege hiyo haina momenti ya magurudumu, au ilizonazo zimefutana. Imetulia juu ya 110? Kuna momenti ya kuinamisha pua. Chini ya 110? Ya kuinua. Ndege yetu ya kubuni, ikiwa na ile 441 peke yake bila uzito kuhama, ingetulia karibu noti 116. Spidi ya mwisho haidanganyi, kwa sababu ukinzani peke yake unabadilisha mteremko, hauibadilishi spidi iliyotrimiwa.

Kabla ya kupima, zima wasaidizi wote. Microsoft Flight Simulator ina menyu ya misaada inayoweza kukutrimia ndege bila kukuambia. X-Plane ina vitelezi vya kuongeza uthabiti kwenye mipangilio ya jostiki. Vyote virudi sifuri. Na jostiki yenyewe, ile ya springi, haiwezi kukupa kile rubani wa kweli anachokisikia kwanza: usukani kuwa mzito mkononi. Wewe unakiona kwenye skrini, yeye ameshakisikia kwenye kiganja. Hakuna simuleta kati ya hizi tatu inayoponya hilo bila kifaa cha bei kubwa.

X-Plane

X-Plane ya Laminar Research inaikata ndege vipande vipande na kuhesabu hewa inavyogonga kila kipande, mara nyingi kila sekunde. Magurudumu nayo yamo. Kwenye Plane Maker, programu ya kuchorea ndege inayokuja pamoja nayo, mtengenezaji anaandika mguu uko wapi, una urefu gani, tairi ina kipenyo na upana gani, na mguu unalala pembe ipi ukiwa umekunjwa na ukiwa umetoka. Ukinzani unazaliwa kutokana na umbo hilo, na unashika pale mguu ulipo. Momenti ya kuinamisha pua inakuja yenyewe, hakuna anayeiandika.

Hilo ndilo linalonipendeza na ndilo linalonikera. Linanipendeza kwa sababu ndege iliyochorwa kwa vipimo sahihi inakuwa na tabia inayoeleweka: mguu mrefu, momenti kubwa. Linanikera kwa sababu ukijua ndege halisi inainua pua kidogo, huna namba moja ya kugusa ili iwe hivyo. Unarudi kwenye umbo na kuanza kusogeza vitu ambavyo ukivisogeza vinaharibu kingine.

Kwa kupima, hakuna iliyo rahisi kuliko hii. Kwenye ukurasa wa kutoa data, mstari wa 17 unatoa pembe za pua na mlalo, nawe unachagua viandikwe kwenye faili la Data.txt. Bonyeza Ctrl na M, na ndege inajaa mistari ya rangi inayoonyesha nguvu zinazoshika kila sehemu. Shusha magurudumu ukiwa umewasha mistari hiyo. Ukishaiona mara moja, habari ya “ukinzani chini ya kitovu cha uzito” haihitaji tena ubao na chaki.

X-Plane 12 inakuja na Baron 58, King Air C90 na Lancair Evolution, zote zinakunja magurudumu. Inafanya kazi Windows, macOS na Linux. Na jambo ambalo wahakiki wa Ulaya hawalitaji, kwa sababu intaneti yao haikatwi kwa megabaiti: unapoisakinisha unachagua maeneo ya dunia unayotaka. Chukua Afrika, acha mengine, na bando lako litapumua. Toleo la majaribio lipo bure, lenye mipaka ya muda na eneo, na linatosha kabisa kwa kipimo nilichoeleza.

Microsoft Flight Simulator

Hapa njia ni nyingine. Mabawa na mwili vinahesabiwa kwa vipande vingi, lakini athari ya magurudumu kwenye pua ni namba moja. Iko kwenye faili la flight_model.cfg, sehemu ya AERODYNAMICS, inaitwa pitch_moment_gear. Jirani yake drag_coef_gear ndiyo ya ukinzani. Mbili hizi hazijuani. Mtengenezaji anaweza kuweka ukinzani mkubwa na momenti sifuri, au momenti ya kuinua pua kwenye ndege ambayo magurudumu yake yako mita nzima chini. Simuleta haitabisha.

Wapo wanaolidharau hilo wakisema si fizikia, ni kujaza fomu. Sikubaliani nao. Kumbuka hesabu ya King Air na Dash 8: momenti ya kweli ni jumla ya ukinzani, uzito unaohama, na mtiririko wa hewa unaobadilika kuelekea mkiani. Mtengenezaji aliyekaa na rubani wa ndege hiyo na kuuliza “unatrimu juu au chini?” anaweza kuiweka jumla hiyo yote kwenye namba moja na akawa karibu na ukweli kuliko umbo lililochorwa kwa kukisia. Mtengenezaji mvivu ataacha namba aliyoikuta. Kwa hiyo kwenye simuleta hii usiulize “Microsoft wanafanyaje?” Uliza nani alitengeneza ndege hii. A2A Simulations, kwa mfano, wana Comanche 250 ambayo hesabu zake nyingi zinafanyika nje ya simuleta kabisa, kwenye mfumo wao wenyewe wa Accu-Sim. Ukiijaribu hiyo unapima kazi ya A2A.

Kuihariri namba hiyo kunategemea ndege. Nyingi za bure, na zile unazoziweka mwenyewe kwenye folda ya Community, faili liko wazi. Baadhi ya zinazouzwa sokoni mwao zimefungwa kwa msimbo, na kwenye Xbox sahau. Ukipata lililo wazi, nakili faili kwanza, halafu usiiamini alama ya kujumlisha au kutoa mpaka uijaribu. Weka namba kubwa ya kipuuzi, panda juu, shusha magurudumu, uone pua inakwenda wapi. Ndipo upunguze.

Kuna mtego mwingine kwa wanaopenda kuandika programu ndogo ya kurekodi. Kigezo cha SimConnect (njia ya programu nyingine kuzungumza na simuleta hii) kinachoitwa PLANE PITCH DEGREES, pamoja na jina lake hilo, kinatoa radiani usipokiomba vingine, na pua ikishuka namba inakuwa chanya. Nusu ya grafu za “pua inapanda” ninazotumiwa zinaishia hapo.

Toleo la 2020 linakuja na Bonanza G36, DA62 na King Air 350i. Kwa mandhari halina mshindani: Kilimanjaro asubuhi, ukitokea Arusha, inakufanya usahau ulikuja kupima nini. Lakini kwenye kompyuta ni Windows tu, linataka mashine yenye nguvu, linakula zaidi ya gigabaiti 100 za diski, na picha za ardhi zinavutwa kutoka kwenye seva wakati unaruka. Toleo la 2024 limeegemea seva zaidi, hata ndege zenyewe nyingi zinakuja kwa mtandao unapozihitaji. Kwa mtu wa bando la siku, hilo ndilo litakaloamua kabla ya fizikia yoyote.

FlightGear

FlightGear ni programu huria, ya bure, imekuwapo tangu miaka ya 1990, na sura yake inaonyesha umri. Kwa swali letu hili, hata hivyo, ndiyo yenye mengi ya kufundisha, kwa sababu ndani yake kuna injini mbili za fizikia zinazojibu swali lilelile kwa njia mbili zilizo kinyume.

Ya kwanza ni YASim, aliyoianzisha Andy Ross. Unaandika vipimo vya ndege na utendaji wake, yenyewe inatafuta vizigeu (namba za kuzidishia kwenye hesabu) vinavyokosekana. Kwa kila mguu wa magurudumu inaweka kipande kidogo cha kushika hewa katikati ya mguu huo. Kwa hiyo ukinzani unashika chini, na momenti inatokea yenyewe, kwa roho ileile ya X-Plane ingawa kwa hesabu nyepesi zaidi. Ukubwa wa ukinzani huo ni wa kukadiria, lakini mwelekeo ni sahihi.

Ya pili ni JSBSim. Hii ni kama daftari la mhandisi: kila nguvu na kila momenti imeandikwa na mtu, kwenye faili la XML unaloweza kulisoma kwa programu yoyote ya maandishi. Ukinzani wa magurudumu unaandikwa kwenye mhimili wa DRAG, na nguvu zote za mhimili huo zinashika kwenye nukta moja tu ya rejea inayoitwa AERORP. Haijali magurudumu yako wapi. Magurudumu yanaweza kuwa mita mbili chini ya tumbo, ukinzani wake utashika palepale. Mtengenezaji asipoandika kazi nyingine kwenye mhimili wa PITCH, ndege haina momenti ya magurudumu. Ile programu ya Aeromatic, ambayo wengi tunaitumia kuanzishia faili, inakuandikia ukinzani wa magurudumu na kuishia hapo.

Sasa, kulijaza pengo hilo ni kazi ya dakika kumi. Ndani ya mhimili wa PITCH unaongeza kazi moja inayozidisha vitu vitano: aero/qbar-psf, metrics/Sw-sqft, metrics/cbarw-ft, gear/gear-pos-norm na kizigeu chako. Hicho cha nne ndicho kinachotoka 0 hadi 1 wakati magurudumu yanashuka, hivyo momenti inaingia taratibu, haishtuki. Kizigeu unakipata hivi: momenti ya 441, igawanye kwa shinikizo la hewa la paskali 1,962, kwa eneo la mabawa la mita za mraba 16.8, na kwa upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma wa mita 1.6. Jibu ni 0.0084. Weka alama ya kutoa mbele yake, maana kwenye JSBSim hasi ni pua chini.

Na uzito unaohama? JSBSim haiusogezi yenyewe, lakini inakuruhusu kuweka uzito wa nukta na kuubadilisha mahali ulipo wakati ndege iko hewani. Ukiufunga na gear-pos-norm, unaweza kutengeneza King Air na Dash 8 zikitofautiana kwa sababu ya kweli, si kwa namba ya kubandika. Ni kwenye JSBSim tu ndipo nimeweza kuona momenti mbili zikifutana mbele ya macho yangu, nikizima moja na kuacha nyingine.

Kurekodi ni rahisi: vigezo vyote viko wazi kwenye mti wa vigezo, unachagua orientation/pitch-deg na spidi, vinaandikwa kwenye faili la CSV. Ndege ubora wake unapishana vibaya. Zipo zilizotengenezwa kwa upendo, kama P-51D ya JSBSim, na zipo ambazo mtu alizianza likizo na hakurudi.

Kwa jicho moja

| | X-Plane 12 | Flight Simulator | FlightGear YASim | FlightGear JSBSim |
|---|---|---|---|---|
| Momenti inatoka wapi | umbo la mguu | namba kwenye faili | kipande katikati ya mguu | alichoandika mtengenezaji |
| Ikisahaulika | haisahauliki, ila umbo linaweza kukosewa | haipo | haisahauliki | haipo |
| Kuirekebisha | kazi ngumu | rahisi, kama faili liko wazi | wastani | rahisi |
| Bando | unachagua maeneo | linaliwa kila siku | dogo | dogo |

Nani achukue ipi

Kama lengo lako ni kuzoea mkono, yaani magurudumu, trimu, nguvu ya injini, hadi mwili uzoee mfuatano huo, X-Plane. Ndege zake za kuanzia zinatosha, na tabia ya pua inatoka mahali panapoeleweka.

Kama tayari una mashine kubwa na intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, Flight Simulator, lakini hela yako iweke kwenye ndege moja nzuri badala ya kumi za bei chee. Hapo ndipo fizikia ya magurudumu inaponunuliwa.

Kama unataka kuelewa kwa nini, na huogopi faili la XML, FlightGear haina mpinzani, na bei yake ni sifuri.

Wa ndege kubwa za abiria wasijisumbue sana na ulinganisho huu. Kwenye Boeing 737 magurudumu yakitoka unaongeza nguvu ya injini, na injini ziko chini ya mabawa, zinasukuma pua juu. Flapu nazo, vile vibamba vya nyuma ya mabawa, zinashushwa karibu wakati huohuo. Ukijaribu kutenganisha sauti ya magurudumu na kelele hizo utaumwa kichwa. Na wapenzi wa ndege ndogo ya Cessna Caravan, wa kuruka Zanzibar kwenda Dar na kurudi, kama nusu ya watu ninaowafahamu wanavyofanya, magurudumu yenu yamefungwa nje maisha. Chagueni kwa mandhari, mkalale.

Mpwa wangu alichagua FlightGear, nadhani kwa sababu ya bei zaidi ya hoja zangu. Akaijenga ndege yangu ya kubuni kwa Aeromatic, kilo 1,500, mabawa 16.8, akaifanyia kipimo. Ujumbe wa kwanza ulikuja saa tano usiku: “Mjomba imeanza 110 imerudi 110. Haina kitu.” Nikamwambia afungue mhimili wa PITCH. “Nimeshafungua. Nimeweka 0.0084 yako.” Dakika kumi kimya, na mimi nimeshazima taa. Simu ikawaka tena.

“Imetulia 104.”

“Umesahau alama ya kutoa.”

Robo saa nyingine.

“115.”